Kibuyu cha Mbegu na Meno ya Juu

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubeba mtoto mwenzake mgongoni, nilijifunza kuogopa jino. Watoto wengine waliogopa giza, wengine fisi, wengine mwalimu wa hesabu. Mimi niliogopa jino la mdogo wangu Byamungu, kitu kidogo cheupe kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu lilichomoza juu wakati wote tulikuwa tunalisubiri chini. Leo mimi ni mtu mzima, nina mume na nyumba ya kupanga huku Ruharo, mjini Mbarara, na bado sijapona vizuri hofu ile.

Tulikuwa tunaishi Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika nyumba ya udongo yenye turubai juu na kiwanja cha kulima nyuma yake. Nyumbani tulikuwa Mama, Koko, mimi na Byamungu. Koko ndilo jina tunalomwita bibi sisi watu wa Kivu ya Kusini, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba. Baba mwenyewe alikuwa Kikagate, mpakani na Tanzania, akichuuza ndizi na sabuni, na alirudi nyumbani mara mojamoja akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikaa kidogo, akatubeba mmojammoja, akaondoka tena.

Koko alikimbia vita akiwa amebeba kibuyu. Watu wengine walibeba magodoro, masufuria, redio. Yeye alibeba mbegu za maharage kutoka milima ya juu ya Uvira. Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, na huku Uganda sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Aliyachanganya na majivu ili wadudu wasiyatoboe, akakitundika kibuyu juu ya mafiga ili moshi ukifikie. Sehemu nyingine aliifunga kwenye pindo la kitenge chake kiunoni, akawa anakwenda nayo kanisani, shambani, hata bombani kuchota maji. Mama alikuwa akisema kwamba siku ya mwisho Koko atasimama mbele ya Mungu na fundo lake. Lakini alilisema hilo akiwa ameshahakikisha mkwe wake yuko mbali.

Tuliyategemea maharage kuliko majirani zetu wengi. Kanisa letu dogo la mabati lilikuwa limetukataza kula kitu chochote chenye damu, kwa hiyo nyama haikuingia kwenye sufuria yetu, wala samaki, wala ndakala, vile visamaki vidogo vya kukaushwa ambavyo wenzetu walivinunua kwa kikombe. Ziwa lilikuwa karibu nasi na harufu ya samaki wa kukaanga tuliijua vizuri sana, ila iliishia puani. Sisi maharage ndiyo yalikuwa nyama yetu, na karanga, na lengalenga, yale majani ambayo Waganda huyaita dodo. Sikumbuki kuona kwamba tunakosa kitu. Watoto wa kanisa letu walikuwa na mashavu kama watoto wengine.

Byamungu alipoanza kutambaa, Mama alikuwa amepata mimba nyingine na maziwa yakakatika. Hapo ndipo uji ulipoingia nyumbani kwetu, na pamoja na uji, swali la nini kimfuate. Mama alikuwa na mpango wake: maharage yaliyopondwa, mchuzi wa karanga, ndivyo alivyonilea mimi. Lakini asubuhi moja Koko alikuwa amempakata Byamungu akimsafisha kinywa kwa kidole, kama alivyozoea, na kidole kikasimama. Aliinua mdomo wa juu wa mtoto, akatazama. Kisha akanirudishia mtoto, akanawa mikono, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Nimekuja kujua baadaye kwamba Waswahili wa pwani humwita mtoto wa namna hiyo kigego, na kwamba zamani walimwogopa pia. Koko hakumpa Byamungu jina lolote, na wala hakusema kwamba ni mtoto mbaya. Alimpenda hadi mwisho, tena alimdekeza kuliko mimi, na nililiona hilo. Alichosema, alikisema jioni, Mama akiwa anapepeta karanga kwenye ungo:

"Mama Furaha, huyu mutoto asikule kitu ya mbegu mupaka meno ya chini ikuye."

Furaha ni mimi. Mama aliuliza kwa nini, na Koko akaeleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mbegu ikiwa udongoni inapaswa kwenda juu. Meno ya mtoto huyu yanaanza kwa kwenda chini. Akila mbegu kabla ya kupata meno ya kupanda juu, ataifundisha mbegu ya nyumba hiyo kufuata njia yake, na itakayopandwa itakwenda chini, isionekane tena. Mtoto atakula nini basi? Atakula vya kupandwa kwa mti au kwa chipukizi: muhogo, ndizi, viazi vitamu. Maharage hapana, karanga hapana, mahindi hapana, mtama hapana, hata lengalenga hapana, maana nayo ina mbegu.

Sijui kama hiyo ilikuwa desturi ya kwetu kote au ya ukoo wa Koko peke yake. Nimewauliza wazee wa Uvira waliopo hapa Mbarara. Wengine wanaikumbuka nusu, wengine wananitazama tu. Ninachojua ni kwamba kama ungemwomba daktari akupangie chakula cha kumdhoofisha mtoto asiyekula nyama, angekupangia kilekile. Shibe ya muhogo, shibe ya ndizi, tumbo linajaa na mwili haupati kitu. Maziwa ya ng'ombe yalipita mbele ya mlango wetu kila asubuhi kwenye baiskeli za Wanyankole, wenyeji wa huko, nasi tulinunua kikombe Baba akiwepo. Baba hakuwepo mara nyingi.

Mama alijaribu. Nilimwona siku moja nyuma ya nyumba, Koko akiwa kwenye maombi ya akina mama, akimnywesha Byamungu mchuzi mzito wa maharage kwa kijiko, haraka haraka, akitazama huku na huku kwenye boma lake mwenyewe. Hakunikataza kusema. Alinitazama tu, nami nikaenda kuokota kuni. Alifanya hivyo mara kadhaa, na sisemi kwamba alikosea. Kama ningekuwa yeye ningefanya vilevile, na pengine ningefanya zaidi.

Kisha ukaja msimu wa kupanda. Koko alishusha kibuyu, akagawa mbegu nusu kwa nusu, nusu ikaenda shambani na nusu ikabaki. Mvua ikanyesha siku za mwanzo, ikanyamaza. Tulikuwa tunakwenda kuchungulia matuta kila asubuhi kabla ya shule, na matuta yalikuwa vilevile kama tulivyoyaacha. Nilifukua moja kwa kidole nikakuta harage limevimba, limepasuka, limeoza. Nilifunika haraka, kana kwamba ni mimi niliyeliua.

Koko hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alikuja akasimama mbele ya Mama, akauliza:

"Ulimupa?"

Mama alimvuta Byamungu kifuani kwake. Koko akatikisa kichwa, akaingia ndani. Mashamba ya majirani nayo yalikuwa yamesinyaa msimu ule, hata ya wale ambao watoto wao walikuwa na meno ya kila upande, lakini Koko hakutazama ya majirani. Alikuwa amesema, na ilikuwa imetokea. Mbaya zaidi, kuanzia siku ile hofu ilihama ikamwingia Mama. Mwanamke aliyekuwa akicheka fundo la mkwe wake akawa ndiye anayeninyang'anya Byamungu ikiwa nina chembe ya harage mdomoni. Nami nikawa nafuta kinywa kwa kiganja, nasukutua kwa maji, nakung'uta nguo, ndipo nimbebe. Nilikuwa nalala nikifikiri kwamba chembe moja ikidondoka kutoka kwenye kola yangu hadi kwenye ulimi wake, sote tutakufa njaa. Mtoto hapaswi kubeba wazo la namna hiyo pamoja na mtoto mwingine.

Byamungu alikula muhogo. Uji wa muhogo asubuhi, muhogo wa kuponda mchana, ndizi ya kuchemsha jioni. Baada ya muda akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikawa ya mviringo, na kila aliyepita nyumbani kwetu alimsifu. Mama wa jirani alisema kwamba sasa mtoto amekaa kama mtoto wa chifu. Mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nakumbuka nilivyofurahi mimi pia. Nilijivunia uzito wake mgongoni.

Lakini alikuwa hachezi. Nilimtekenya, akanitazama kama mtu mzima aliyechoka na mambo yangu. Nilimweka kwenye mkeka nikaenda zangu, na yeye, aliyekuwa akilia hata nikigeuka tu, alibaki palepale nilipomweka. Nywele zake zikawa laini na nyekundunyekundu kama ndevu za mahindi. Siku moja Koko alimvua nguo ili amwogeshe, akamshika mguu, akauacha. Akamwita Mama kwa sauti ndogo.

"Hii ni bwaki," alisema.

Nilikuwa nalijua neno hilo kwa masikio tu. Ndivyo watu wa kwetu wanavyouita ugonjwa wa mtoto kuvimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, na Koko alikuwa amewazika wawili wa kwake kwa ugonjwa huo, kabla ya kumzaa Baba. Sikulijua hilo siku ile. Niliona tu wanawake wawili waliokuwa hawazungumzi vizuri kwa miezi wakishika mguu mmoja mdogo kwa pamoja.

Zahanati ya makazi ilituandikia kwenda Mbarara. Mama alikuwa karibu kujifungua na hakuweza kukaa kwenye gari la wagonjwa njia yote, kwa hiyo alikwenda Koko, nami nikaenda kwa kuwa mgongo wangu ndio Byamungu aliouzoea, tena shuleni nilikuwa nimeokota Kinyankole na Kiingereza cha kutosha kuuliza choo kiko wapi. Mama alitusindikiza hadi barabarani. Hakumuaga Koko kwa maneno. Alimfunga tu vizuri kitenge chake, penye fundo la mbegu, kwa kuwa lilikuwa limelegea.

Hospitali ya misheni pale Ruharo ilikuwa safi kuliko mahali popote nilipowahi kulala. Sista aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, Mnyankole, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Waganda, kifupi, kisicho na mapambo. Nilimwambia kwa fahari kwamba mdogo wangu ameugua ila ni mnene. Alibonyeza kidole gumba juu ya wayo wa Byamungu, akakiondoa. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Hapana nona," aliniambia. "Hii ni maji."

Nililia pale pale. Nilikuwa nimeyabeba maji yale nikidhani ni nyama ya mdogo wangu.

Walimpa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, mchana na usiku. Maji yalipomtoka, ngozi ikabaki imemlegea kama nguo ya kuazima, na hapo ndipo tulipoona alivyokuwa kweli. Koko alikaa kando ya kitanda bila kuegemea ukuta. Kitandani mbele yetu kulikuwa na mtoto mwingine, msichana, ambaye mama yake alitugawia sabuni. Asubuhi moja kitanda kile kilikuwa kimetandikwa upya na mama yule hayupo. Hakuna aliyetueleza kitu, wala hatukuuliza. Koko alianza kumshika Byamungu mkono hata akiwa amelala.

Byamungu alipopata nguvu kidogo, sista alisema kwamba sasa mtoto lazima ajifunze chakula cha nyumbani, maana maziwa yale hatutakwenda nayo Nakivale. Alituita uani, penye majiko ya wauguzaji. Aliuliza kama tunampa nyama. Nikatafsiri, Koko akakataa. Samaki, hata wa unga? Koko akakataa, nami nikaeleza habari za kanisa. Nilidhani atakasirika. Alisema tu kwamba hakuna shida, yeye mwenyewe ana dada ambaye hali nyama na watoto wake wanacheza mpira. Kisha akaonyesha: maharage yaliyochemshwa hadi yakalainika, akayamenya maganda moja moja kwa vidole, akayaponda. Karanga zilizosagwa. Dodo iliyokatwa ndogo sana. Mafuta kidogo. Vyote akavichanganya na ndizi, akasema kwamba hiki kimoja bila kingine hakitoshi, ila vikikaa pamoja vinafanya kazi ya nyama. Akachota kijiko akampelekea Byamungu.

Koko akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa mtoto.

Ilinibidi nitafsiri mambo ya meno ya juu na meno ya chini, na mbegu, na msimu uliopita, mbele ya akina mama wa watu waliokuwa wakipika. Uso uliniwaka. Wengine walicheka, lakini Mwislamu mmoja mzee wa mjini, aliyekuwa akimuuguza mjukuu, hakucheka; alitazama chini, akachochea chungu chake. Sista alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alimwambia Koko moja kwa moja, kwa Kiswahili chake, bila kunipitia:

"Mama, hii bwaki inarudi. Ikirudi, hapana pona."

Koko alielewa. Aliondoa kiganja, lakini hakumpa. Alimbeba mtoto akarudi naye wodini, na siku hiyo hakula. Nilimchukia. Nasema wazi kwamba nilimchukia bibi yangu mchana ule, na wakati huohuo nilimwogopea, kwa sababu nilielewa anachokiona. Kwa upande mmoja kuna mtoto huyu. Kwa upande mwingine kuna nusu ya kibuyu iliyobaki, nasi sote tunaokula kutoka humo, na yule ambaye bado yuko tumboni mwa Mama. Watu wazima walionicheka uani hawakuwahi kuona matuta yaliyokataa kuota.

Jioni nilimwona akilifungua fundo la kiunoni. Sikuwahi kumwona akilifungua isipokuwa shambani. Alizimimina mbegu kwenye kikombe cha bati, akasuuza majivu bombani, akaziloweka. Kesho yake akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka chini ya kitanda, akawa anazinyunyizia maji kila alipopita. Alinikataza nisiguse. Nilifikiri ni dawa, au ni jambo la kutoa kafara, na niliomba Mungu sista asifagie chini ya kitanda. Mbegu ikishalowa hairudi kibuyuni; hilo nililijua hata mimi. Kwa hiyo nilidhani pia kwamba huzuni imemharibia akili.

Kisha asubuhi moja akalifungua lile furushi mbele yangu. Kila harage lilikuwa limepasuka ubavuni na kutoa mkia mweupe uliojipinda.

"Furaha, hii ni nini?"

Nilisema ni maharage.

"Tazama muzuri. Mbegu ni ile yenye inangojea. Hii haingojee tena. Imeisha kuota, imeisha kuchagua njia yake. Haiko mbegu."

Alilishika moja karibu na jicho langu, akaligeuza huku na huku, akanitazama usoni. Hakuwa na hakika. Nilikuwa mtoto lakini nililiona hilo, kwamba Koko hakuwa amefundishwa jambo hili na mtu yeyote, alikuwa amelitafuta mwenyewe usiku na mchana akiwa amekaa bila kuegemea ukuta. Alikuwa ananiuliza mimi kama linakubalika. Nikasema ndiyo, Koko, si mbegu tena.

Aliyamenya, na maganda yalitoka yenyewe. Aliyachemsha, yakaiva upesi kuliko ya sista. Yule mzee wa mjini alituazima kinu chake bila kuombwa mara mbili, akakisuuza kwanza, kwa kuwa alikuwa amesikia habari zetu za samaki. Koko akachanganya na ndizi kama alivyoona, akampa Byamungu kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho. Byamungu alikula. Alikula kikaisha, akalia. Kilio chake kilikuwa cha hasira, cha mtu aliyenyimwa, na sikuwa nimekisikia tangu mashavu yalipoanza kujaa. Sista alikuja kuona nani analia hivyo. Alionja, akasema hii ni nzuri, haisumbui tumbo la mtoto, aendelee hivyohivyo. Hakuuliza kwa nini yana mikia. Koko naye hakueleza.

Tuliporudi Rubondo Mama alikuwa amejifungua msichana. Koko alishusha kibuyu, na kuanzia hapo akawa anachota humo kila mara, analoweka, anaotesha, anapika. Tulijaribu maharage ya mgao wa chakula cha wakimbizi, lakini yalikuwa ya zamani na yalioza majini bila kutoa mkia. Karanga tulizipata mbichi kwa majirani, zikaota vizuri. Maharage yaliyoota yalikuwa yale ya Koko peke yake. Mama ndiye aliyeuliza, siku moja, akiwa anamnyonyesha mdogo wetu mpya: sasa tutapanda nini?

"Tutapanda yenye itabakia," Koko alijibu.

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu: kibuyu kikitikiswa asubuhi. Mwanzoni kilivuma. Kisha kikawa kinachakacha. Kisha ukaweza kusikia harage moja moja likigonga ukuta. Mashavu ya Byamungu yalikuwa yanarudi, yale ya kweli, na nywele zake zinakuwa nyeusi kuanzia kwenye mizizi, na kibuyu kinanyamaza. Mawingu ya msimu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Kila nilipomlisha nilitazama ufizi wa chini kwanza. Nilimbembeleza, nikaufinya kwa kidole, nikamwomba jino kama mtu anavyoombwa aamke.

Lilikuja mtoto akiwa na Koko. Alikuwa akimlisha mlangoni, na kijiko kikagonga kitu. Akagonga tena makusudi. Akaniita nije nisikilize, akagonga, nikasikia, ti. Akamwita Mama, akagonga. Kisha akaketi chini udongoni palepale, huyu bibi ambaye hospitalini hakuegemea hata ukuta, akalia na kucheka, mtoto akimvuta mkono kwa sababu kijiko hakiji. Siku ileile Byamungu alikula maharage ya mgao kama sisi wote, na kesho yake Koko alipanda kiganja cha mbegu kilichobaki. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Yaliota, tuta moja fupi tu, na ilichukua misimu mingi hadi kibuyu kivume tena.

Kwa miaka nilimsimulia Koko kama mwanamke aliyekaribia kumuua mdogo wangu kwa ushirikina. Nilisimulia hivyo shuleni, nikisifiwa kwa kuelimika. Siku hizi nimepunguza. Hakuacha kuamini, hata siku moja, alikufa akiamini. Lakini alipobanwa kati ya mtoto na mbegu, hakumwachia mtoto alipe. Alifungua fundo alilolinda tangu Uvira, akalilowesha mwenyewe. Sijui mimi ningelowesha nini.

Kibuyu anacho Byamungu sasa. Ni mwanamume mrefu, analima kiwanja kilekile Rubondo, na watu wanatoka kanda nyingine kuja kumwomba mbegu za maharage yale mekundu. Yule aliyeogopewa kwamba ataifundisha mbegu kwenda chini ndiye pekee kati yetu ambaye bado anaipanda. Akiambiwa hadithi ya meno yake anacheka hadi anakohoa.

Mwezi uliopita binti yangu alianza kuota meno, na nilipoinua mdomo wake wa juu kidole changu kikasimama. Kliniki wanasema ni kawaida, haina maana yoyote, na ninajua hivyo. Nimemwandalia maharage, karanga, dodo, kama sista alivyotuonyesha, kwa kuwa hata nyumbani kwangu nyama haipikwi. Mume wangu hajui kwa nini bakuli limekaa mezani tangu jana na mtoto hajapewa. Nilimpigia Byamungu simu, nikijifanya namsalimia tu. Alinipa habari za shamba, mvua, mbuzi wa jirani. Kisha nikamwambia kwamba mpwa wake amepata meno, ya juu.

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Ya chini bado?" aliuliza.

"Bado."

Kwa nyuma nikasikia kitu kikichakacha, kama mtu anashusha kitu kutoka juu ya mafiga.

"Basi nitakutumia maharage yetu," alisema. "Loweka kwanza."